Ipelele Haina R

Esnath alipokuwa darasa la tatu pale Ipelele, Mwalimu Yonathani alimsimamisha mbele ya wenzake asome sentensi moja ubaoni: Baridi ya barabarani ni kali. Esnath akavuta pumzi, akasoma kwa sauti yote aliyokuwa nayo, "Balidi ya balabalani ni kali." Darasa halikucheka. Lingechekaje, wakati kila mmoja mle ndani angesoma vilevile? Aliyecheka ni mgeni, mkaguzi aliyekuwa ameketi nyuma na daftari lake. Alicheka mpaka akatoa leso.

Mkaguzi alipoondoka, Mwalimu Yonathani hakushika fimbo. Aliwatoa wote nje, akawapanga kwenye ukingo wa barabara, akawaambia wasikilize lori la mbao linavyopanda kilima. "Mnasikia? Rrrrr! Ulimi utetemeke kama bodi la lile lori." Basi watoto arobaini na kitu wakasimama kwenye ukungu, miguu mitupu, wakinguruma. Tangu siku hiyo R ikaitwa herufi ya lori, ingawa wengi wao waliendelea kuiita herufi ya loli.

Kisha akawarudisha darasani, akaandika jina la kijiji chao kwa herufi kubwa, akaligonga kwa chaki mara mbili, hapa na hapa. "Ila hapa, hapana. Ipelele haina lori hata moja. Atakuja mtu na elimu yake, atawaambia mmekosea. Msikubali."

Esnath hakulisahau hilo. Sasa ana miaka thelathini na minne, na R yake inanguruma vizuri kuliko ya watangazaji wa redio. Anafanya kazi Makambako, hatua chache kutoka njiapanda, pale malori ya Songea yanapokutana na ya Mbeya na upepo unapobeba vumbi la wote. Studio ni ya Bashiru, Mrangi wa Kondoa aliyekuja mjini kama utingo wa lori la vitunguu akabaki. Hapo wanapiga picha za pasipoti, za harusi, za kipaimara na za misiba, wanatoa kopi na kupaka vitambulisho plastiki. Bashiru anajua kupiga picha na kuongea na watu. Kompyuta haijui zaidi ya kubofyabofya, na hilo halimnyimi usingizi, maana Esnath yupo.

"Dada Esna," humsalimia kila asubuhi akiwa anafungua makufuli, "leo huko milimani kuna balidi?"

"Ipo, kaka Bashiru. Afadhali hiyo kuliko vumbi la Kondoa, mnaoga nalo na kulala nalo."

"Ha! Mkinga huyu! Kulala amelisema vizuri, maana hilo ni la kwao."

Utani wa namna hiyo ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na Esnath hakuuchukia. Kidogo tu, pale unaporudiwa mbele ya wateja, alihisi ule ukungu wa Ipelele miguuni.

Kompyuta alifundishwa na Filbert, fundi wa Njombe mjini ambaye Bashiru alinunua mashine kwake. Filbert ni mtu wa sweta mbili na maneno machache, lakini siku moja alimweleza Esnath jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unabaki umekodoa macho. Alisema kompyuta, saa yoyote ile, imesimama mahali. Wewe unaona kioo tu, lakini yenyewe ndani imesimama kwenye folda fulani, kama mtu aliyesimama kwenye chumba fulani cha nyumba. Ukiiambia fagia, haiulizi chumba gani. Inafagia hapo iliposimama.

"Kwa hiyo kabla ya kuiambia fagia, uitembeze kwanza," alisema Filbert. "Amri ya kuitembeza ni cd. Unaandika cd, halafu jina la chumba. Na unaweza kuziandika amri zako zote kwenye faili moja, mstari kwa mstari, ukaligonga mara mbili likazifuata zote lenyewe. Hiyo ndiyo skripti."

Esnath alirudi Makambako siku hiyo akiwa kama aliyepewa funguo za jiji. Alimweleza Bashiru, na Bashiru akatikisa kichwa kwa huruma. "CD zimepitwa na wakati, dada'ngu. Siku hizi watu wanataka flashi."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Filbert alilisema siku ileile, wakati Esnath ameshabeba mkoba wake mlangoni. "Uiulize kama imefika. Jina likikosewa, haiendi. Inanung'unika mstari mmoja, halafu inaendelea na amri inayofuata palepale ilipo." Esnath aliliandika kwenye daftari lake, ukurasa wa nyuma. Hakuliweka kwenye skripti. Alijiuliza, majina ya vijiji ninayajua tangu utoto, yatahamia wapi?

Mwaka huo kanisa lilikuwa linajiandaa kwa jubilei, na kamati ikataka kitabu chenye picha za wazee wa vijijini, waliokuwepo kanisa likianza au waliozaliwa karibu na hapo. Kazi ikaangukia studio ya Bashiru. Yeye akasema wazi, "Mimi huko juu nitakufa na baridi, na wazee wenyewe watanikimbia. Nenda wewe. Unajua lugha yao." Basi kuanzia Februari mpaka Aprili Esnath alizunguka na kamera. Alianza Kichiwa, akaenda Mlangali kwa Wapangwa ambako lugha yao aliiokoteza okoteza tu, na mwisho akapanda kwao Ipelele.

Kote huko wazee walikaa kwenye viti, wakavuta makoti, wakapigwa. Aliyekataa ni mmoja, na ndiye ambaye kamati ilimtaka kuliko wote: Mwalimu Yonathani, miaka themanini na mbili, aliyefundisha kusoma karibu kila mtu mwenye mvi pale kijijini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Esnath. Najua ulichofuata. Weka hicho kidude chini unywe chai."

Akanywa chai. Mke wa Mwalimu, mama Tabea, akamwongezea, akamtania kwamba mjini amekonda kama ufito wa pareto. Saa nzima ikapita. Mwalimu akasema sababu yake bila kuulizwa. Zamani alikuja mpiga picha kutoka Mbeya, akawapanga wote uwanjani, wanawake na watoto wao mgongoni, akawapiga, akasema atarudi na picha baada ya wiki mbili. "Mama yangu alikuwemo. Alioga asubuhi ile kama anaenda kuolewa. Yule bwana aliondoka na nyuso zetu mpaka leo. Mama amekufa anauliza. Ndiyo maana mimi sijawahi kupigwa picha, na mama Tabea hapa ni shahidi, hata harusi yetu haina."

"Haina," alisema mama Tabea. "Na mimi nilikuwa mzuri siku ile. Nimebaki kuwasimulia wajukuu."

"Hii ya kwangu haitapotea, Mwalimu," Esnath alisema. "Mimi si wa Mbeya. Mimi ni wa hapa. Nitaiweka mwenyewe kwa mkono wangu."

"Utaiweka wapi?"

"Kwenye folda ya Ipelele."

"Umeiandikaje hiyo Ipelele?"

Esnath akamtajia herufi moja moja, na alipofika kwenye L akaigonga meza kwa kidole, hapa na hapa. Mzee akacheka. Alicheka kwa muda, huku akifuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akasimama, akaenda kukaa kwenye kigoda nje, akiuelekea mlima.

Esnath alipiga mbili tu. Alipobonyeza ya kwanza, Mwalimu aliinua kiganja ghafla, amekunja uso, "Ngoja kwanza!" maana kifungo cha koti kilikuwa wazi. Akakifunga. Ya pili ilitoka kama picha inavyotakiwa kutoka. Macho yamenyooka, kona moja ya mdomo imepanda kidogo, na kwa nyuma ukungu ulikuwa umefunguka kama pazia. Esnath aliitazama kwenye kioo cha kamera. Mama Tabea aliitazama pia. Akasema, "Ndivyo anavyonitazama nikichelewa kutoka sokoni."

Aliporudi Makambako alipanga kazi yake hivi. Kwenye diski ya studio kulikuwa na folda kubwa aliyoiita Hazina, na ndani yake folda ndogo za vijiji, Kichiwa, Mlangali na Ipelele. Picha zote zilizotoka kwenye kamera zilianzia kwenye folda ya kijiji. Alizipitia moja moja, na kila nzuri aliitoa humo akaiweka juu, kwenye Hazina yenyewe. Zilizobaki kijijini zilikuwa mabaki tu, waliofumba macho, waliogeuka, waliopiga chafya. Diski ilikuwa inajaa, kwa hiyo mabaki yalitakiwa kufagiwa, na ufagio ulikuwa skripti ya mistari mitatu:

cd /d D:\Hazina
cd Ipelele
del /q *.jpg

Ingia Hazina. Ingia Ipelele. Futa picha zote ulizozikuta hapo. Ikiwa zamu ya kijiji kingine, alibadilisha jina kwenye mstari wa pili. Alianza na Kichiwa, ikafagia safi. Akaja Mlangali, ikafagia safi. Ilikuwa raha kuiona. Kidirisha cheusi kinafunguka, kinapepesa jicho, kinajifunga, kazi imekwisha.

Alhamisi moja ya Juni alimaliza kuchambua Ipelele. Akahamisha nzuri zote kwenda Hazina, ya Mwalimu ikiwa ya kwanza, akaandika jina la Ipelele kwenye mstari wa pili, na alipotaka kuligonga faili umeme ukakatika. Wakasubiri. Haukurudi. Bashiru akamwambia aende tu nyumbani, yeye atabaki afunge.

Umeme ulirudi nusu saa baadaye, na Bashiru alikuwa bado yupo. Katibu wa kamati alikuwa amempigia simu, anataka orodha ya vijiji kama itakavyokaa kwenye kitabu. Bashiru akafungua Hazina kwa shida zake, akaona majina matatu. Kichiwa, sawa. Mlangali, alishawahi kupakia mahindi huko, sawa. Ipelele. Hapo akasita. Akacheka peke yake. Ndiyo hao, akasema moyoni, hata kwa maandishi! Akabofya jina, akalisahihisha, akatuma orodha, akafunga duka. Kwa kweli alidhani amemfichia mwenzake aibu.

Ijumaa asubuhi Esnath aliingia, akawasha mashine, na kabla hata ya kuvua sweta akagonga skripti yake mara mbili. Kidirisha cheusi kikafunguka, kikapepesa jicho, kikajifunga. Ndani ya kupepesa kule kulikuwa na mstari mmoja wa manung'uniko. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuusoma kwa kasi ile. Akaenda kuchemsha maji ya chai.

Jumamosi kulikuwa na harusi tatu. Bashiru akamwaga picha zake kwenye diski, mamia kwa mamia. Jumapili ilikuwa ya kupumzika. Jumatatu, saa nne asubuhi, simu ya Esnath ikalia. Alikuwa Manase, mtoto wa mwisho wa Mwalimu Yonathani, akamsalimia kwa salamu ya kwao.

"Dada Esnath, kamwene. Mzee ametuacha jana jioni."

Esnath akakaa kwenye kiti cha wateja. "Pole, Manase. Poleni sana. Mama yupoje?"

"Mama anataka picha. Amekataa kula, anasema kwanza Esnath alete ile picha. Anaitaka kubwa, ya kuweka mbele ya jeneza. Tunazika keshokutwa."

"Mwambie ipo. Naileta mwenyewe."

Ndivyo alivyosema. Ipo. Kisha akafungua Hazina.

Wala hakuelewa mara moja. Alidhani amefungua folda nyingine, akarudi, akafungua tena. Hazina ilikuwa na folda tatu tu na hakuna kingine. Hakukuwa na picha hata moja iliyolala juu, ya Kichiwa wala ya Mlangali. Akatazama zile folda. Kichiwa. Mlangali. Ya tatu ilikuwa imeandikwa Iperere.

Aliisoma kwa midomo, kama mtoto wa darasa la tatu. I-pe-re-re. Malori mawili.

"Kaka Bashiru. Nani amegusa hapa?"

Bashiru akaja na kikombe chake. "Wapi? Ah, hapo! Mimi. Nimekurekebishia. Mlikuwa mnaenda kuaibika kitabu kizima, dada. I-pe-re-re. Sema na mimi."

"Ni Ipelele."

"Ndiyo nyie mnavyotamka."

"Ndivyo linavyoitwa! Kaka Bashiru, ni kwetu! Nimezaliwa hapo!"

Sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mteja mmoja aliyekuwa amevaa koti la kuazima la picha za pasipoti aligeuka. Bashiru akaweka kikombe chini. Esnath akamweleza, na alivyokuwa anaeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa anaelewa. Skripti iliingia Hazina. Ikaambiwa iingie Ipelele. Ipelele haikuwepo. Ikabaki imesimama palepale, katikati ya Hazina, na ikafuata mstari wa tatu kama ilivyoambiwa. Ikafuta zote ilizozikuta hapo.

Bashiru aliisogelea kompyuta, akalitazama lile jina. Kisha akasema, taratibu, bila utani hata chembe, "Mimi nimebadilisha herufi mbili. Aliyefuta ni wewe."

Lilikuwa neno baya, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa na ukweli ndani. Ule mstari ulikuwa kwenye daftari lake, ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko wake. Uiulize kama imefika.

"Wengine si wako hai?" Bashiru akajaribu. "Tutarudi kuwapiga."

"Mmoja hayuko hai."

Picha iliyofutwa kwa amri ile haiendi kwenye pipa la taka, kwa hiyo hakukuwa na pipa la kufukua. Kadi za kamera zilishaandikwa juu mara tatu tangu Aprili. Jumanne alfajiri Esnath akaifunga diski kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa, akapanda gari la Njombe. Filbert akaipokea bila maneno, akaiunganisha, akauliza swali moja tu. "Baada ya kufuta, mmeingiza kitu kingine humu?"

"Harusi tatu."

Filbert akapumua kwa pua.

Walikaa mpaka saa nane mchana, mvua nyembamba ya Njombe ikipiga bati. Programu ya kufufua ilikuwa inatema picha moja moja. Bibi mmoja wa Kichiwa akatokea mzima. Mzee wa Mlangali akatokea ana jicho moja, upande wa pili wa uso una bibi harusi. Ndiyo, kabisa, shela ya bibi harusi wa Makambako imeota kwenye shavu la mzee wa watu. Wakati mwingine wangecheka. Kisha ikaja ya Mwalimu. Kofia ilitokea, likafuata paji la uso na mikunjo yake yote, mpaka kwenye nyusi. Chini ya nyusi picha ilikuwa kijivu tupu, kama blanketi la jeshi lililovutwa juu ya mtu.

"Endelea," alisema Esnath.

"Imeishia hapo. Huku chini ni harusi."

"Filbert, endelea tu."

"Dada, imeishia hapo."

Filbert akachomoa waya wa diski. Akasema, huku anatazama dirisha, "Si nilikwambia uiulize?"

"Uliniambia."

Ndipo Esnath akakumbuka mabaki. Skripti haikufika kwenye folda ya kijiji, kwa hiyo kilichokuwa kijijini hakikuguswa. Akamwomba Filbert arudishe waya, akaifungua ile Iperere. Walikuwemo wote, wazima kabisa, waliofumba macho na waliopiga chafya, arobaini na mmoja. Na humo ndani alikuwemo Mwalimu Yonathani, kifungo wazi, uso umekunjwa, kiganja kimeinuliwa kuelekea kamera. Kile alichokiweka ili kitupwe ndicho kilichobaki. Akakiprinti kikubwa kwa jirani wa Filbert, akanunua fremu, akapanda gari la Makete.

Ipelele ilikuwa baridi, na uwanja wa Mwalimu ulijaa watu wenye mablanketi mabegani. Kwaya ilikuwa inaimba sauti ya chini. Manase akampokea, akabeba fremu ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akampitisha moja kwa moja mpaka alipoketi mama Tabea kwenye mkeka.

"Kamwene, mama. Pole."

"Umeileta?"

Esnath alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, kuanzia Njombe. Yalipofika mdomoni yalikuwa hayana mpangilio. Alisema kwamba ile ya pili imepotea. Alisema kompyuta. Alisema jina la folda. Alijisikia anavyosema na akajua mwanamke yule hasikii chochote katika hayo, isipokuwa neno moja, imepotea. Mama Tabea akachana gazeti kwa vidole, akaitazama picha.

"Huyu anakataa," akasema.

"Alikuwa anasema ngoja, mama. Kwa ajili ya kifungo."

"Najua alichosema, nilikuwepo. Lakini wao hawakuwepo." Akaonyesha uwanja kwa kidevu. "Wao watamwona anakataa."

Hata hivyo iliwekwa mbele ya jeneza, maana nyingine haikuwepo. Watu wakapita mmoja mmoja kuaga, na kila aliyeinua macho alikutana na kiganja cha Mwalimu kikimzuia. Wengine walipunguza mwendo bila kujua kwa nini. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Babu anasema tusije?" Akazibwa mdomo. Esnath alikuwa amesimama nyuma karibu na jiko, na kila aliyemsalimia alimsalimia vizuri, kwa heshima zote. Hakuna aliyemlaumu. Wangemlaumu ingekuwa afadhali. Alisikia tu wazee wawili wakinong'ona kwa Kikinga, wakimtaja yule bwana wa Mbeya. Wakamtazama. Wakabadilisha mazungumzo.

Baada ya maziko, kabla ya kuondoka, alimwendea mama Tabea tena. Kamera ilikuwa kwenye mkoba. Kamati ilikuwa bado inataka kitabu, na yeye alifikiri, kwa kweli alifikiri hivi, kwamba kuna kitu kimoja anachoweza bado kukiokoa.

"Mama, ningekuomba nikupige wewe. Moja tu. Safari hii nitai..."

Mama Tabea hakusubiri amalize. Aliinua kiganja. Kilikuwa kilekile, kwa urefu uleule, na uso umekunjwa vilevile, kama watu walioishi pamoja miaka sitini wanavyofanana hata wasipotaka.

"Nenda salama, Esnath," alisema.

Alhamisi alikuwa Makambako. Bashiru alifungua makufuli. Hakuuliza habari ya baridi, wala hajauliza tena mpaka leo. Esnath akawasha mashine. Kwanza akabofya ile folda, akafuta R moja akaweka L, akafuta ya pili akaweka L. Kisha akafungua skripti, akasogeza mstari wa tatu chini, na katikati akaandika mstari mmoja mfupi.

Bashiru alikuwa nyuma yake na kikombe chake. "Umeiandikia nini?"

"Nimeiambia isipofika pale nilipoituma, isimame. Isiguse kitu."

"Mstari mmoja huo?"

"Mmoja."

Bashiru akaupima kwa macho, akanywa funda moja la chai. "Sasa dada, huo si ungeuandika tangu mwanzo?"

Esnath akahifadhi faili. Nje lori lilikuwa linapanda kuelekea njiapanda, limejaa mbao, likinguruma.